Mawenzi Upande wa Kushoto

Studio yangu ilikuwa na milango miwili, na katika miaka yote niliyopiga picha pale Moshi mjini sikuona haja ya mlango wa tatu. Wa mbele uliingiza wateja. Wa nyuma ulinifikisha kitandani, kwenye redio na jiko la mafuta ya taa. Katikati ndipo ilipokuwa dunia: ghorofa za Dar es Salaam, ndege ya rangi ya fedha, bustani ya maua yasiyoota popote, na mlima. Vyote vilichorwa kwenye mapazia ya marekani yaliyoviringishwa kwenye fito karibu na dari. Unavuta kamba, kinashuka unachotaka. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Dar, wengine Nairobi, na mmoja alifika Afrika Kusini kwa njia anayoijua mwenyewe. Mimi nilivuta kamba.

Mama yangu alikuwa juu kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, akipalilia migomba na kuisema vibaya kahawa kwa kushuka bei. Kila siku ya soko aliniletea salamu kupitia wanawake walioshuka na ndizi, na salamu zenyewe zilikuwa swali: "Mwulizeni, huko chini amefungwa?" Kutoka studio mpaka nyumbani ni mwendo wa asubuhi moja tu. Nilikwenda Krismasi, kama watu wa Dar. Watu wa Dar walipanda na magari. Mimi nilipanda na sababu za kuwahi kurudi.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini, na kila kitu kikaingia. Marobota ya mitumba yalikatwa mikanda kwenye soko la Kiboriloni tangu alfajiri. Kufikia saa nne nguo za Wazungu nisiowajua zilikuwa zimeshapanda mlimani, na kufikia Jumapili zilikuwa kanisani. Baada ya hapo zililetwa kwangu. Nimepiga picha vijana waliovaa makoti ya theluji mwezi wa Februari, jasho likiwachuruzika mpaka ninawafuta kwa taulo kati ya picha na picha. Nimempiga bwana harusi ambaye alitia mkono mfukoni kufanya pozi akakutana na tiketi ya basi ya mji asioujua. Akaitazama, akairudisha mfukoni kwa heshima, kama vile ni kitambulisho chake. Mzee mmoja wa kanisa alikuja na koti zuri la kahawia, vifungo vyake upande wa kushoto, wa kike. Kazi ya mpiga picha ni kuona yote na kusema, "Baba, pandisha kidevu kidogo."

Mlangoni nilikuwa nimeandika kwamba napiga picha za pasipoti, za ukumbusho na za kisanii. Za kisanii zilikuwa sawa na za ukumbusho, ila mteja haruhusiwi kucheka. Usanii huo niliupata kwenye magazeti ya mitindo ya Ulaya, yale yaliyokuja yameshindiliwa ndani ya viatu vya mitumba ili visipondeke. Yalifika yamekunjamana, nikayapiga pasi, nikayasoma kwa bidii ambayo walimu wangu wa sekondari hawakuwahi kuiona. Humo niligundua kwamba mwanamke aliyevaa nguo ya bei mbaya hamtazami mtu. Anatazama dirisha, tena kwa uchungu.

Sasa kulikuwa na dada mmoja, fundi cherehani, aliyeolewa kijiji cha kwetu kule juu na kushonea Kiboriloni. Alikuwa na vyerehani vitatu kwenye baraza lililotazamana na pale marobota yanapofunguliwa, kwa hiyo kila asubuhi alimwona adui yake akishushwa, akikatwa mikanda na kushangiliwa. Alikuwa na wasichana wawili aliowafundisha kazi. Mmoja aliolewa. Wa pili alihamia kuuza mitumba hatua kumi kutoka barazani, na kila asubuhi alimwamkia fundi shikamoo, jambo ambalo fundi alisema linauma kuliko matusi.

Dada huyu aliingia studio siku moja ya masika, amekumbatia mfuko wa nailoni.

"Mdogo wangu, bado unaogopa mvua?"

"Dada, mimi naogopa hata mawingu."

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Parokia yetu ya kule juu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na chama cha akina mama kilitaka sare: gauni la kitenge kwa kila mwanachama, wote washonewe na fundi mmoja. Alikuwepo fundi wa Arusha aliyeomba kazi hiyo, na alikuja na kitabu kizima cha picha za nguo zake. Mama mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyewahi kutufundisha nusu ya kijiji darasa la kwanza, akatangaza kwamba anayeitaka kazi alete picha, maneno ameyachoka.

"Nikiikosa hii nauza vyerehani," alisema. "Shemeji zangu wameshampata mnunuzi. Wananingoja nichoke tu, nirudi kihambani nikawakatie ng'ombe wao majani."

Akafungua mfuko. Mimi si mtu wa kusifu nguo, maana nimeona nyingi mno, lakini gauni lile lilinifanya nizime redio. Kitenge cha kijani na njano, kola imekaa kama imezaliwa shingoni, na mistari ya kitambaa inakutana kwenye mishono bila hata mmoja kumkwepa mwenzake.

"Nataka unipigie pale uwanjani pa kanisa," akasema, "alfajiri, mlima ukiwa wazi nyuma. Akina mama wakiona ni kwao, mioyo italainika."

Nilitazama nje. Mvua ilikuwa inamwagika, na barabara ya kwetu wakati wa masika huwa ni utelezi mtupu. Alfajiri ya kanisani maana yake ni kuondoka saa kumi za usiku na kamera mgongoni. Nikapata hekima papo hapo, kama inavyonitokea kila ninapotakiwa kutoka.

"Dada, mlima ule hauaminiki. Unaweza kuufuata wiki nzima ukakuta umejifunika. Mimi ninao humu ndani, uko wazi saa zote."

Nikavuta kamba.

Hapa lazima niseme ukweli wa lile pazia. Lilichorwa na mchoraji wa mabango ya bucha, mtu wa Singida, aliyekaa Moshi wiki mbili, na wiki zote mbili ilinyesha. Aliniuliza, "Mlima wenyewe uko wapi?" Nikamwonyesha wingu. Basi nikampa kadi ya posta niliyopewa na mpagazi mmoja wa watalii, naye akainakili kwa uaminifu mkubwa. Kwenye kadi kulikuwa na tembo chini ya mlima. Nikamwambia tembo wa nini, hapa Moshi tembo anatafuta nini, mtoe. Akamgeuza kichaka. Ukikitazama vizuri, kichaka kile kilikuwa na masikio.

Wenyeji hawakulitaka pazia hilo kabisa. Nani alipe ili apigwe picha na kitu anachokiona bure akienda kukata majani? Wenyeji walitaka ndege. Mlima ulikuwa wa wanafunzi wa bweni, wa askari waliohamishiwa kwetu, wa wafanyabiashara waliotaka kuthibitisha makwao kwamba walifika. Hao hawakuwa na ugomvi nao.

Na mimi je, niliyezaliwa chini yake? Kamera yangu ilikuwa ile ya kizamani ya macho mawili, inayoning'inia kifuani, unaichungulia kwa juu kama unayeangalia maharage yameiva. Kioo chake kinaonyesha mtu wima, lakini kinageuza pande: kulia inakuwa kushoto. Mteja akisogea kule, kiooni anasogea huku. Miaka yote mlima ule niliutazama ndani ya kioo, na ndani ya kioo ulikuwa sawasawa kabisa. Zilipotoka picha nilitazama nyuso, kuona kama kuna aliyefumba macho.

Wa kuvaa gauni alikuwa binti wa dada yake fundi, msichana wa kwaya ya pale parokiani, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Kazi ya kwanza ilikuwa kukiondoa hicho kicheko.

"Usicheke," nikamwambia. "Wanamitindo hawacheki."

"Kwani wana nini?"

"Wana njaa."

Akacheka tena, pozi la kwanza likaharibika kabla sijabonyeza. Nikamvika miwani mikubwa ya jua, nikamfunga kilemba mpaka kwenye nyusi, nikamwambia apandishe kidevu, anyooshe shingo, ageuze uso, atazame mlango wa nyuma kama kuna mtu kaondoka na hatarudi. Akauliza ni nani huyo aliyeondoka. Nikamwambia ni siri ya sanaa. Gauni nalo lilihitaji upepo, kwa kuwa kwenye magazeti yangu nguo zote zilipepea. Feni sikuwa nayo. Nikaazima ungo kwa jirani, nikamkabidhi fundi, nikamwomba apepete hewa kwa nguvu. Alipepeta. Ungo ulikuwa haujafutwa, unga wa mahindi ukamrukia binti, akapiga chafya tatu, na vumbi jeupe likatanda mbele ya mlima.

"Ukungu!" nikapiga kelele. "Dada, endelea, huo ndio ukungu tunaoutaka!"

"Mdogo wangu," fundi akasema huku anapepeta, "siku wakikufunga, mimi nitakuwa shahidi."

Picha kumi na mbili, ndizo filamu yangu ilizobeba. Ziliporudi kutoka kusafishwa nilizipanga mezani nikazizunguka. Sijawahi kupiga picha nzuri kama zile. Yule binti alikuwa amepotea kabisa. Mahali pake palisimama mwanamke wa kimataifa, mwenye huzuni na fedha.

"Hata mama yake mzazi hamjui hapa," nilimwambia fundi kwa majivuno.

Alizipandisha Jumapili. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua. Sikupewa hata salamu. Aliweka picha moja mezani, akaweka na kidole juu yake.

"Mawenzi iko wapi?"

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Mlima una vilele viwili. Kibo ni yule mviringo mwenye theluji. Mawenzi ni yule mwenye meno yaliyovunjika, ambaye bibi zetu walisema Kibo alimtwanga kwa mchi baada ya kuchoshwa na tabia yake ya kuja kuomba moto kila siku. Ukiwa upande wetu Kibo yuko kushoto na Mawenzi kulia. Ukiwa upande wa Kenya ni kinyume. Watoto wetu wanafundishwa mkono wa kulia kwa kuambiwa ni ule wa Mawenzi.

Niliinama. Mawenzi ilikuwa kushoto. Ilikuwa kushoto kwenye picha zote kumi na mbili, imetulia, wala haina aibu.

"Yesu Maria," nikasema.

"Hata wao walisema hivyo hivyo."

Akanisimulia. Picha zilizungushwa baada ya misa, akina mama wakasifu kola, wakasifu mabega. Zikafika kwa mama mwenyekiti. Mama mwenyekiti akavaa miwani, akatazama, akavua, akaifuta, akavaa tena. Kisha akauliza kwa sauti ya darasa la kwanza: "Mawenzi imefuata nini huku?" Hapo gauni likasahaulika. Picha imepigwa Kenya! Imekatwa kwenye kalenda ya Nairobi! Na kama picha ni ya Kenya, basi gauni nalo limevushwa mpakani na huyu anatuambia kashona yeye. Binti wa kwaya akasimama akasema jamani ni mimi humo. Wakamtazama, wakatazama picha, wakacheka mpaka wakashikana. "Wewe? Shingo hiyo umeipata wapi?"

"Wameniita mwongo," fundi alisema. "Nje ya kanisa, mbele ya mama mkwe wangu. Wamenipa mpaka Jumapili ijayo, halafu kazi inakwenda Arusha. Kazi nikiikosa nitalia. Lakini kijiji kile naishi humo. Nitaishi nikiwa nani?"

Nilianza kusema kuhusu mtu wa Singida.

"Utapanda," akanikata. "Utapanda na hilo shuka lako, uwaeleze mwenyewe."

Jumapili nilipanda. Ufito wa pazia ulinizidi urefu, na kila niliyepishana naye alikuwa na la kusema. Mmoja akauliza kama nahama. Mwingine akamjibu, "Atahamaje? Huyu kafukuzwa." "Kafukuzwa na nani, hata mke hana?" Kijana mmoja aliyekuwa amevaa koti la zimamoto wa nchi fulani akajitolea kunisaidia, akashika nyuma, tukaenda kama watu waliobeba maiti nyembamba. Alipojua kwamba ndani ni mlima, aliutua chini akarudi kwao.

Akina mama walikuwa wameshatoka misa, wamekaa kwenye nyasi. Mlima wa kweli ulikuwa umejifunika wote, wingu limeshuka mpaka kwenye migomba, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza. Mama yangu alikuwa safu ya mbele. Nikamwamkia, akaitika, kisha akawageukia wenzake.

"Mwaka mzima namwita haji. Leo kaja kuutetea mlima wa Kenya."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilifunua pazia, binti wa kwaya akashika upande mmoja na mimi mwingine. Nikaeleza kadi ya posta, tembo, kichaka. Nikaeleza kamera ya macho mawili, na walipokunja nyuso nikaivua shingoni nikampa mama mwenyekiti achungulie mwenyewe.

"Mbona wamegeuka?" akasema. "Huyu alikuwa kulia kwangu!"

Basi kila mama akataka kuchungulia. Wakapanga foleni. Wakasogezana kushoto na kulia ili waonane wanavyokwenda kinyume, wakapiga vigelegele, na kwa muda nilidhani nimeshinda. Mama mwenyekiti alinirudishia kamera taratibu.

"Kwa hiyo, mwanangu, nikuelewe. Mlima ni wa uongo."

"Ndiyo mama, umechorwa."

"Upepo?"

"Ungo."

"Ukungu?"

"Unga wa mahindi, mama."

"Na huyu mwanamke mwenye shingo ni huyu mtoto wetu."

"Ndiye kabisa."

"Sasa mtu anayeweza kukunja mlima akaubeba begani, anashindwa nini kutuletea gauni la Nairobi akasema limeshonwa Kiboriloni?"

Akina mama wakaguna kwa pamoja. Nilikuwa nimekuja kumtoa fundi shimoni na kazi niliyoifanya ni kumfukia vizuri. Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa anafungua ule mfuko wake wa nailoni.

"Mama mwenyekiti," akasema, "livae."

"Mimi? Hili la mtoto?"

"Livae tu, mama. Nakuomba."

Mama mwenyekiti alikuwa mama hasa, aliyelishwa mtori wa ndizi na kuuheshimu. Aliingia darasa la katekisimu na fundi, na walipotoka, gauni lilikuwa limemkamata nusu: ubavuni limeachia wazi kiasi cha kupitisha mkono, mabega yamepanda masikioni. Kicheko kilichopigwa hapo sikuwahi kukipiga picha. Fundi hakujali. Alimsimamisha juu ya nyasi, akatoa wembe kwenye kijisanduku chake cha sindano, akafumua mshono wa ubavuni kuanzia kwapani kushuka, tik tik tik, kama anayemenya ndizi. Ndani ya mshono kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa na kufichwa, vidole vitatu. Akakivuta nje. Akaenda ubavu wa pili: vidole vitatu. Mabegani: kidole kimoja huku, kimoja huku. Kwenye pindo akateremsha kiganja kizima. Hakutafuta popote. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake usiku taa imezimika.

Akina mama walikuwa wameacha kucheka.

"Nguo ya dukani," fundi alisema, pini mdomoni, "iwe ya Nairobi, iwe ya hayo marobota, imekatwa mpaka kwenye uzi. Ukinenepa, ni yako hiyo shida. Mimi nikishona naacha akiba. Mtu atazaa, atanenepa, ataugua akonde, halafu atampa mwanawe. Gauni ni lazima limngojee."

Akabana pini ya mwisho, akashikiza kwa sindano. Kola ikakaa. Mistari ya kitenge ikakutana ubavuni kama ilivyokutana kwa yule binti, kijani kwa kijani. Mama mwenyekiti alijipapasa kiunoni, akaingiza vidole ndani ya mshono akaukagua kwa ncha za vidole, macho ameyafumba, kama anayesahihisha daftari gizani.

"Nani kakufundisha kuacha hivi?"

"Mama yangu. Kwa cherehani cha mkono."

Mama mwenyekiti alifumbua macho.

"Sisi tulikosea," akasema, kwa sauti ya kila mtu asikie, na mama mkwe wa fundi alikuwa karibu kuliko wote. "Gauni ni la mkono wako. Haya, tunapimwa lini?"

Fundi akasema hata sasa, na akatoa futi yake.

Picha zangu kumi na mbili zilikuwa kwenye nyasi, mama mmoja amezikalia. Hakuna aliyeziulizia.

Baadaye, kila mtu akiwa na furaha, mama mwenyekiti akataka wapigwe picha ya chama, yeye katikati na gauni lake la pini. Nikatazama juu: wingu lilelile.

"Mlima haupo, mama."

"Si una wako? Tundika. Lakini si kwa upande huo, tutachekwa."

Nikaanza kumweleza kwamba picha iliyochorwa haina namna nyingine. Fundi alikuwa amekuja nyuma yangu, futi shingoni. Alishika ncha ya pazia, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama mafundi wanavyosugua kitambaa sokoni.

"Mdogo wangu, kila kitambaa kina nje na ndani."

Akaligeuza. Rangi ya mtu wa Singida ilikuwa nyepesi, alikuwa ameiongeza maji ili imtoshe, na marekani ilikuwa imeinywa yote mpaka upande wa pili. Mlima ulikuwepo. Umepauka, una mabaka, kama mlima uliofuliwa mara nyingi. Lakini Kibo alikuwa kushoto na Mawenzi kulia, na kichaka kilikuwa kimefifia mpaka masikio hayaonekani.

"Sasa huo ndio wa kwetu," mama mwenyekiti akasema.

"Umefifia, mama," nikasema, maana mimi ni msanii.

"Na kahawa je, haijafifia? Piga picha."

Tukalifunga kwenye migomba miwili. Nikachungulia kiooni na humo, bila shaka, mlima ukawa umekaa upande wa Kenya. Nikawaambia wasicheke. Wakacheka wote. Nikapiga hivyo hivyo, na nilipokuwa nageuza filamu mama yangu akageuka nyuma, akainua mkono.

"Mwanangu, mlima ule pale nyuma, umefunguka."

"Mama, usisogee, unaniharibia mstari."

Akashusha mkono, nikapiga ya pili. Picha hiyo iko sebuleni kwake mpaka leo, chini ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Juu ya ufito wa pazia kinaonekana kipande cheupe, kidogo, kimekatwa na ukingo wa picha. Ndiyo Kibo yenyewe. Wageni wanadhani ni kasoro ya filamu, nami nawaachia wadhani.

Sare zilishonwa zote, na jubilei ilipofika akina mama wa parokia yetu walijaza viti vya mbele kama shamba lililonyeshewa vizuri. Fundi hakuuza vyerehani. Yule msichana wa hatua kumi alirudi kwenye cherehani cha pili, na shikamoo yake sasa aliitoa akiwa ndani ya baraza.

Nilikwenda Kiboriloni siku moja kumtazama, safari ambayo ilinichukua miezi kadhaa ya kujishauri. Nilitegemea kukuta picha zangu za kisanii zimetundikwa, angalau moja. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari gauni lile la kijani na njano, amelishona upya, amelitundika ndani nje ili kila mpitaji aone mishono na akiba yake, likitazamana na marobota.

"Mdogo wangu!" fundi akashangaa. "Umetoka nje?"

"Nimefuata kifungo tu, dada. Cha koti."

Alilishika koti langu, la kahawia, nililotoka kulinunua kwenye marobota ya mbele yake kwa bei nzuri, akatazama vifungo vilivyobaki na upande viliposhonwa, ule wa kike. Akanitazama na mimi. Kisha akachomeka uzi kwenye sindano, akaanza kunishonea, na kwa huruma kubwa akaniambia:

"Pandisha kidevu kidogo."